Akina Otieno ni wangapi nchini, na je, jina hilo linaonyesha undugu?

Karani wa Bondeni, Nakuru

Salamu kwenu nyote. Mimi ni katibu wa kikundi cha akiba na mikopo hapa Nakuru chenye wanachama mia mbili na kidogo, wengi wao wakiwa wafanyabiashara wa sokoni, waendeshaji bodaboda na mafundi waliotoka Kisumu, Siaya, Bungoma, Kericho na hapa hapa mjini. Mwezi uliopita nilifanya kosa ambalo bado linanisumbua. Mwanachama aitwaye Peter Ochieng Otieno alileta mchango wa shilingi elfu nane, nami nikauandika kwenye ukurasa wa mwanachama mwingine ambaye pia anaitwa Peter Ochieng Otieno. Daftari letu ni lile kubwa la jalada gumu lenye mistari myekundu pembeni, na majina hayo yamo katika kurasa mbili zinazofuatana, kwa mwandiko wangu mwenyewe, bila tofauti hata ya nukta. Mwenye pesa aligundua siku alipokuja kuomba mkopo akaambiwa kwamba akiba yake haijafikia kiwango.

Nilimwomba radhi mbele ya wanachama na hesabu ikarekebishwa. Kilichonileta hapa ni maneno yaliyosemwa baadaye mkutanoni. Mwanachama mmoja alisimama akasema kwamba hao wawili ni lazima wawe ndugu kwa kuwa jina lao la ukoo ni moja, kwa hiyo jambo hilo lingemalizwa nyumbani kwao badala ya kutupotezea muda. Wenyewe walikana. Mmoja kwao ni Seme, mwingine ni Karachuonyo, na hawakujuana kabla ya kujiunga nasi. Usiku huo nilipitia daftari lote nikakuta wanachama kumi na mmoja ambao jina lao la mwisho ni Otieno.

Ninaomba kusaidiwa kwa mambo mawili. Je, kuna takwimu inayoonyesha ni Wakenya wangapi wanaotumia jina hilo? Na je, watu wawili wenye jina moja la mwisho, hasa wanaotoka pande za ziwani na magharibi, tuna sababu yoyote ya kudhani kwamba wana damu moja? Mimi ni Mkikuyu niliyezaliwa hapa Bondeni. Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, wa pili jina la babu mzaa mama, na wasichana vivyo hivyo kwa nyanya zao, hivyo majina yale yale huzunguka ndani ya familia kizazi baada ya kizazi. Utaratibu wa wenzetu siujui vizuri, na sitaki kuusemea.

Mwalimu Mstaafu, Siaya

Ndugu Karani, pole kwa yaliyokupata, na hongera kwa kuuliza badala ya kukisia.

Nianze na neno ulilolitumia, kwa maana ndani yake ndimo kosa la yule mwanachama lilimojificha. Kwa Kiswahili tumezoea kuliita jina la mwisho "jina la ukoo", na fomu nyingi zimeandikwa hivyo. Lakini Otieno halijawahi kuwa jina la ukoo wowote wa Waluo. Otieno ni mvulana aliyezaliwa usiku, na dada yake aliyezaliwa saa kama hizo huitwa Atieno. Ukifuata mzunguko wa siku nzima utapata majina yetu mengi mahali pake: Omondi alfajiri, Okinyi asubuhi, Onyango jua linapokuwa limepanda, Ochieng wakati wa jua kali la mchana, Odhiambo kuanzia alasiri hadi jioni, kisha Otieno, na usiku wa manane Owuor na Oduor. Wakunga wa zamani hawakuwa na saa ukutani. Walitazama jua, au walisikiliza jogoo, na jina likawa limepatikana kabla mtoto hajafutwa vizuri.

Yapo pia majina ya hali. Okoth alizaliwa mvua ikinyesha, Okech wakati wa njaa, Ouma alitoka akiwa kifudifudi, Owino alizungukwa na kitovu, Ooko alizaliwa nje ya nyumba, Oyoo njiani. Pacha ni Opiyo na Odongo, na anayewafuata ni Okello. Majina hayo yote yamo katika kila ukoo, kuanzia Yimbo hadi Migori, kwa sababu usiku huingia katika kila boma na mvua hainyeshi kwa ukoo mmoja tu.

Lipo jambo jingine linalotatiza hesabu. Mtoto anaweza kuitwa Otieno ingawa alizaliwa saa sita mchana, kwa sababu amepewa jina la babu aliyetangulia. Hayo tunayaita nying juogi. Mtoto akilia bila kunyamaza, wazee wa zamani walimtajia majina ya wafu mmoja mmoja, na lile alilolinyamazia ndilo likawa lake. Kwa hiyo kati ya hao kumi na mmoja wako, wapo waliozaliwa usiku, wapo waliopewa jina la marehemu, na wapo ambao wao wenyewe si Otieno hata kidogo bali ni watoto wa mtu aitwaye Otieno.

Kuhusu damu, koo zetu zina majina yake na majina hayo hayamo katika vitambulisho. Wenye umri wangu wanakumbuka kesi ya mazishi ya wakili S. M. Otieno, aliyefariki Desemba 1986 na kuzikwa Nyalgunga hapa Siaya Mei 1987, baada ya miezi ya mabishano mahakamani kati ya mjane wake na ukoo. Ukoo uliosimama mbele ya majaji ulikuwa Umira Kager. Maelfu ya akina Otieno nchini walisoma habari hizo magazetini kila siku, na hakuna aliyedhani kwamba jina lake linampa haki ya kusema neno kuhusu kaburi hilo. Vivyo hivyo vijana wanapotaka kuoana, wazee hawaulizi jina la mwisho. Huuliza, kwenu ni wapi, baba yako ni wa nani, na mama yako aliolewa kutoka wapi. Nimemwona msichana wa akina Otieno akiolewa na mvulana wa akina Otieno, na hakuna mzee aliyekunja uso.

Nekesa wa Kimilili

Mwalimu amesema vizuri. Huku kwetu kwa Wabukusu tumeachia saa tukashika majira. Wafula na Nafula ni wa mvua, Wanyonyi na Nanyonyi ni wa palizi, Wekesa na Nekesa ni wa mavuno, Simiyu na Nasimiyu ni wa kiangazi, na Wanjala na Nanjala ni wa njaa. Mimi nilizaliwa mahindi yakiwa yamerundikwa uani yakisubiri kupukuchuliwa, na mama huniambia kwamba alisikia uchungu akiwa amekaa juu ya gunia.

Kwa hiyo ukiona akina Wafula wengi katika orodha, umejifunza kwamba mvua yetu ni ndefu. Nasaba yao bado hujaijua. Ninaongeza kwamba majina haya hayatambui mpaka. Akina Wafula utawakuta Bungoma, utawakuta Busia, na ukivuka uingie Uganda hadi Mbale utawakuta tena. Na lile Okello alilolitaja Mwalimu, kwa Waacholi na Walango ni la kawaida sana: mapinduzi ya Julai 1985 kule Kampala yaliongozwa na Bazilio Olara-Okello, na aliyeshika urais baadaye ni Tito Okello. Kwa jina peke yake mgeni angedhani ni ndugu wawili.

Mpenda Hesabu, Kisumu

Ninajibu swali la kwanza, ambalo naona limebaki nyuma.

Ndugu Karani, takwimu rasmi unayoitafuta haimo katika ripoti za sensa. Sensa ya Agosti 2019 ilihesabu watu 47,564,296, na kati yao Waluo walikuwa 5,066,966 na Waluhya 6,823,842. Ripoti zake zinaeleza umri, jinsia, kaunti, elimu, hata aina ya paa la nyumba. Majina hayamo. Marekani hufanya tofauti: baada ya sensa ya 2010 walichapisha orodha ya majina ya mwisho, na la kwanza lilikuwa Smith, lenye watu 2,442,977, yaani takriban watu 828 katika kila 100,000.

Tunaweza hata hivyo kulitumia hilo kama kipimo. Ili Otieno liwe na uzito ule ule Kenya ambao Smith linao Marekani, lingehitaji kubebwa na watu wapatao 394,000. Kwa kuwa karibu wote wangekuwa Waluo, hiyo ingekuwa karibu mtu mmoja katika kila Waluo kumi na watatu, wanawake wanaotumia jina la baba au la mume wakiwamo. Sisemi kwamba ndivyo ilivyo. Ninasema kwamba ukiyatazama majina ya saa, ambayo hayazidi kumi na kidogo, kisha ukakumbuka kwamba usiku ni mrefu kuliko alfajiri, kiwango hicho si cha kushangaza. Daftari lako lina kumi na mmoja kati ya mia mbili na kidogo, lakini tafadhali usilizidishe hilo kwa nchi nzima. Kikundi chenu hakikukusanywa kwa bahati nasibu. Mtu mmoja wa Seme alimleta jirani yake, na jirani akamleta shemeji.

Jambo la pili la hesabu linanigusa zaidi. Mahali ambapo jina la mwisho hurithiwa kwa baba pekee, majina hufa. Mwanamume asiye na mtoto wa kiume huenda na jina lake, na baada ya vizazi vingi majina machache humeza mengine. Francis Galton na Henry Watson wa Uingereza waliliandikia hesabu jambo hilo katika miaka ya 1870. Ndiyo maana Korea Kusini mtu mmoja kati ya watano ni Kim, na Vietnam walau mtu mmoja kati ya watatu ni Nguyễn, ingawa huko hata amri za wafalme zilichangia kwa kuwabadilisha watu majina. Kwa Waluo wa zamani jambo hilo halikuwezekana, kwa sababu jina Otieno lilizaliwa upya kila jua lilipotua, hata kama akina Otieno wote wa kijiji hawakuacha mtoto. Wingi wa Kim na wingi wa Otieno unaweza kufanana kwenye karatasi, lakini umetoka katika visima viwili tofauti kabisa.

Wakorea nao walilazimika kutofautisha akina Kim kwa mahali pa asili, kama vile Kim wa Gimhae na Kim wa Gyeongju, na sheria ilikataza wenye jina moja na asili moja kuoana hadi mahakama yao ya katiba ilipoamua mwaka 1997 kwamba katazo hilo halipatani na katiba. Tazama jinsi swali lao linavyofanana na lile la wazee wa Siaya: kwenu ni wapi?

Na onyo moja kwa yeyote atakayejaribu kuhesabu kwa kompyuta. Ochieng huandikwa pia Ochieng', kwa alama ya king'ong'o mwishoni, na mashine huyaona hayo kuwa majina mawili. Opiyo wa Kisumu ni Opio akivuka kwenda Uganda. Nimewahi kusafisha orodha ya wafanyakazi ambamo mtu mmoja alikuwa ameandikwa mara tatu, kila mara kama mtu mpya, kwa sababu ya alama hiyo ndogo.

Kap Rono, Njoro

Ninashukuru kwa mazungumzo haya. Ninaomba kuongeza jambo ambalo wote mmelikaribia, nalo ni kwamba hesabu hii inabadilika katika kizazi chetu hiki.

Kwa Wakalenjin, mvulana aliyezaliwa jioni mbuzi wanaporudi zizini ni Kiprono, wa mapambazuko ni Kipkoech, wa usiku ni Kiplagat, wa mvua ni Kiprop. Baada ya jando aliitwa kwa jina la baba yake lililopunguzwa silabi ya mwanzo, likitanguliwa na arap, yaani mwana wa. Rais wa pili wa nchi hii ni mfano mzuri. Alizaliwa akaitwa Toroitich. Baba yake aliitwa Kimoi arap Chebii, basi yeye akawa Toroitich arap Moi. Kwa desturi hiyo wanawe wangekuwa arap Toroitich, na jina Moi lingepumzika. Lakini wanawe ni akina Moi, na wajukuu ni akina Moi. Jina lililokusudiwa kukaa kizazi kimoja limeganda.

Hata anayejua jina hawezi kujua limekaa wapi. Kipchoge Keino, bingwa wa mita 1,500 kule Mexico City mwaka 1968, ana Kipchoge mwanzoni. Eliud Kipchoge wa marathoni analo mwishoni. Ni jina la aliyezaliwa karibu na ghala la nafaka, na mashabiki wa nje huwauliza watu wetu kila mara kama hao ni baba na mwana.

Mwalimu Mstaafu, Siaya

Kap Rono amenitangulia, na ninakubaliana naye kabisa. Kwetu mfano ulio mbele ya dunia nzima ni ule wa Kogelo. Mzee Hussein Onyango alikuwa mwana wa mtu aliyeitwa Obama, kwa hiyo aliitwa Onyango wuod Obama, maana yake Onyango mwana wa Obama. Mwanawe Barack, kwa utaratibu wetu, angekuwa Barack wuod Onyango. Lakini alipoandikishwa shuleni na baadaye kusafiri kwenda Hawaii mwaka 1959, jina lililokuwa mwisho wa karatasi lilikuwa Obama, na likabaki hapo. Mwanawe akawa rais wa Marekani kwa jina la babu wa baba yake. Kama karatasi zingefuata desturi, dunia ingemwapisha Rais Barack mwana wa Barack.

Ninaamini walimu tulichangia sana, nami nasema hivi bila furaha. Tangu shule za misheni zilipofunguliwa, kama ile ya Maseno mwaka 1906, mtoto alitakiwa kuwa na jina la ubatizo na jina la baba. Baadaye kukaja kipande cha enzi za ukoloni, vyeti vya kuzaliwa na vitambulisho, na kila karatasi ilidai kwamba jina la mwisho lifanane na la karatasi iliyotangulia. Katika miaka yangu ya mwisho darasani nilimwita mtoto "Otieno" wakaitika watatu, na mmojawapo alikuwa msichana. Nilipomuuliza jina lake la nyumbani akasema ni Akinyi. Alizaliwa asubuhi. Otieno alikuwa babu yake, ambaye hakuwahi kumwona.

Hapo ndipo ninapoona hasara. Zamani jina lilikueleza jambo la kweli kuhusu mwenye kulibeba. Sasa linaeleza saa aliyozaliwa mtu mwingine, pengine miaka tisini iliyopita, na hivi karibuni yale aliyoyasema Mpenda Hesabu kuhusu majina yanayomezwa yatatufikia nasi.

Nekesa wa Kimilili

Mwalimu, usihuzunike mno. Huku kwetu kijana wangu anaandikwa Wekesa shuleni kwa jina la baba yake, lakini bibi yake anamwita Wafula na ataitika Wafula hadi azeeke. Karatasi haijafika jikoni.

Karani wa Bondeni, Nakuru

Nimesoma kila neno, na nimeyasoma mengine kwa sauti mbele ya kamati yetu jana jioni. Nawashukuru kwa dhati.

Niliwapigia simu akina Peter wote wawili nikawauliza, kwa adabu, habari za majina yao. Wa Seme aliniambia kwamba yeye alizaliwa mchana, ndiyo maana ni Ochieng, na Otieno ni baba yake. Wa Karachuonyo alizaliwa mchana pia, lakini Otieno kwake ni babu aliyemlea, kwa kuwa baba yake alifariki mapema na babu ndiye aliyempeleka kuandikishwa shule. Basi majina matatu yanayofanana herufi kwa herufi yamefika kwa njia mbili tofauti, na mimi nilikuwa nimeyaona kama kitu kimoja.

Kamati imekubali kwamba kuanzia mwezi ujao malipo yataandikwa kwa nambari ya uanachama kwanza na jina baadaye. Nimepiga pia mstari wa safu mpya kwenye daftari, na juu yake nimeandika "Kwao". Nilianza na kurasa zile mbili: Seme, Karachuonyo. Yule mwanachama aliyesema ni ndugu alikuja mwenyewe kuandikisha kwao, kisha akaniomba niandike na jina la babu yake, nikaliandika pembeni kwa kalamu nyekundu kwa sababu safu ilikuwa imejaa.